Sanduku la Bikari na Mlango wa Mama

Kabla hujafika kwangu Katandala kuna duka la stationery linalouza ramani za nyumba. Jamaa mwenye duka hajachora hata moja. Anazo kwenye kompyuta, amezichota mtandaoni, na ukimwambia unataka vyumba vitatu na sebule anabonyeza mara mbili, anakuchapishia nyumba ya watu wa nchi nyingine kabisa: paa kali la kumwaga theluji, gereji ya magari mawili, na pembeni bwawa la kuogelea. Mteja anatoka pale anachekelea, karatasi ameikunja mfukoni. Miaka miwili baadaye nyumba imesimama, gereji imejaa magunia ya mahindi, na pale palipochorwa bwawa amefungwa mbuzi. Nazipita nyumba hizo kila ninapokwenda sokoni, na huwa nacheka peke yangu kwa sauti. Majirani wanadhani ni uzee.

Mimi ni mchora ramani. Nimestaafu, lakini kazi hii haikutoki kama inavyokutoka kazi ya ukarani. Nilichora katika ofisi ya ujenzi hapa Sumbawanga miaka mingi, mwanamke peke yangu katika chumba cha wanaume sita, na kati ya hao sita ni wawili tu walioweza kuvuta mstari wa wino bila kumwaga. Wengine wanne walikuwa mahodari wa kunituma chai. Mkuu wetu alikuwa akija na suti, anasimama nyuma yangu, anaweka kidole chenye jasho juu ya karatasi na kuuliza, "Hapa ni nini?" Hapo palikuwa ni choo, na pameandikwa choo. Nilimjibu kwa adabu, kisha nikafuta alama ya kidole chake kwa wembe, taratibu, yeye akiwa bado amesimama.

Vifaa vyangu sikupewa na ofisi. Vilitoka kwa baba yangu, ambaye alikuwa fundi mwashi wa bruda mmoja wa Kizungu, mjenzi wa makanisa huku juu Ufipa. Bruda alipozeeka na kurudi kwao alimwachia baba sanduku lake la kuchorea. Ni sanduku la mti mweusi, si refu kuliko mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, na ndani limetandikwa mahameli ya buluu. Kila kifaa kina kitanda chake: bikari kubwa ya shaba yenye mguu unaochomolewa, bikari ndogo za kuzungushia duara lisilozidi kifungo cha shati, kalamu za wino zenye midomo miwili ya chuma na skurubu ya kuamua unene wa mstari, protrakta ya shaba, rula ya mfupa iliyochongwa vipimo pande zote mbili, na ile niliyoipenda kuliko zote, bikari ya sindano mbili. Hiyo haichori. Kazi yake ni kupima tu. Unaweka sindano moja mwanzo wa mstari na nyingine mwisho wake, unaihamishia kwenye rula, unasoma.

Baba alikuwa mtu mwema lakini hakujua alichopewa. Ile bikari kubwa aliitumia kutobolea mikanda ya suruali. Nilipokuwa darasa la tano nilimnyang'anya sanduku lote, na alivyokuwa mpole akanipa, akasema angalau mikanda yake itapumzika. Wenzangu shuleni walikuwa na mikebe ya bati yenye bikari za bati, ambazo ukizungusha duara linaanza hapa linaishia kule. Niliwatazama wakichora maumbo yao yaliyobonyea nikajua mapema kwamba watu wengi maisha yao yote wataridhika na duara lisilofunga.

Ofisini nilifundishwa na mchora ramani mkongwe, mmoja wa wale wawili. Alikuwa na sheria moja. Alisema tarakimu huandikwa na mtu, na mtu huchoka, huwaza mkewe, huandika tatu akitaka nane. Mstari uliovutwa kwa kipimo hauna mawazo ya mke. Kwa hiyo ukipewa ramani usianze kusoma namba, chukua bikari upime mstari wenyewe. Na ilikuwa kweli. Mara ngapi nilikamata makosa ya wahandisi kwa sindano zile mbili! Waliandika mita nne, mstari ukasema mita tatu na nusu, nikawarudishia karatasi bila neno huku nimezungushia kosa kwa penseli nyekundu. Walinichukia, nami sikuwa na haja ya kupendwa nao.

Jambo moja kuhusu siku zile lieleweke, maana bila hilo sitaeleweka. Sisi tulichora kwenye karatasi inayopenya mwanga, na nakala tulizitoa kwa mashine iliyonuka amonia mpaka machozi yanatoka. Nakala ilitoka buluu, na ilitoka saizi ileile ya mchoro. Mashine ile haikujua kukuza wala kupunguza. Karatasi iliyofika mikononi mwa fundi kule kijijini ilikuwa sawasawa na iliyotoka mezani kwangu, na bikari iliyopima moja ilipima nyingine.

Binti yangu alisomea kazi hii hii. Nilifurahi kwa wiki moja, mpaka alipokuja likizo nikamwomba anioneshe mikono. Vidole vilikuwa laini, havina sugu hata moja. Alikuwa anachora kwa kipanya. Anavuta mstari, ukiwa mbaya anaufuta kwa kubonyeza, anavuta mwingine, na karatasi haijui kwamba alikosea. Nilimuuliza utajifunza nini ikiwa kosa halikugharimu kitu? Akacheka, akasema, "Mama, na wewe!" Nilimfungulia sanduku nikamwonesha kalamu ya midomo miwili, akaigeuza geuza, akauliza wino unawekwa wapi. Mtu ana cheti cha kuchora majengo, anauliza wino unawekwa wapi. Nililifunga sanduku.

Sasa nije kwa mama yangu, ambaye ndiye sababu ya haya yote.

Mama yangu anaishi Mwazye, kwenye shamba alilolima na baba. Miguu yake ilikataa kufanya kazi baada ya ugonjwa, na parokia ikampatia kiti cha magurudumu. Mikono yake haikupungua nguvu, ni mikono ya mtu aliyetwanga ulezi maisha yake yote, na alijifunza kukisukuma kiti kile kama aliyezaliwa nacho. Tatizo lilikuwa nyumba. Ile nyumba ya zamani ina kizingiti cha juu na mlango wa kuinamia, kwa hiyo kila asubuhi wajukuu wa jirani walikuja kumbeba na kumtoa nje, na jioni kumbeba na kumrudisha. Walipochelewa alikaa ndani gizani akisikiliza kuku wake wakitafuta chakula nje. Walipokuwa na haraka walimnyanyua kama gunia.

Nilikwenda kumsalimia, akaniambia, "Mwanangu, mimi sitaki nyumba ya kujionesha. Nataka mlango. Nitoke mwenyewe nikitaka kutoka, nirudi mwenyewe nikichoka. Nisiwe mtu wa kuita watu."

Hakuniomba kitu kingine, na hakuwahi kuniomba kitu kabla ya hapo.

Binti yangu alisikia, na kabla sijanoa penseli alikuwa ameshachora. Akanitumia kwa simu. Vyumba viwili, sebule, ukumbi mpana, hakuna kizingiti popote, mteremko mdogo badala ya ngazi, na milango yote mipana ili kiti kipite na mikono ya bibi yake ikiwa kwenye magurudumu. Nilikagua nitafute kosa. Sikuliona, na hilo lilinikera kuliko ambavyo kosa lingenikera.

Nikaenda kwa yule jamaa wa stationery anichapishie. Akasema mchoro huu ni wa karatasi kubwa na hiyo karatasi imekwisha, nirudi kesho kutwa. Nikamwambia sina muda wa kesho kutwa, gari la Matai, la kunipeleka kwa mama, linaondoka asubuhi, atoe kwenye karatasi aliyonayo. Akabonyeza, ikatoka. Tarakimu zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa. Sikujali, maana tarakimu sikuwa na mpango nazo. Kilichonipandisha hasira ni maneno yaliyokuwa chini pembeni, ambayo kwa bahati mbaya yaliandikwa kwa herufi kubwa kidogo na niliweza kuyasoma: Usipime mchoro huu kwa rula. Fuata vipimo vilivyoandikwa.

Nilisimama pale dukani nikahisi masikio yanapata moto. Mtoto niliyemzaa ananiambia mimi nisipime. Mimi! Nilijua fika kwamba maneno yale kompyuta inayaweka yenyewe kwenye kila mchoro, hakuniandikia mimi. Lakini niliyasoma kama barua. Nikakunja karatasi, nikaenda nyumbani, nikalitia sanduku la bruda kwenye mfuko wangu wa safari.

Mwazye upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa mabonde, ule upepo wetu wa kukauka midomo. Fundi alikuwa ananingoja, mtu mzima, mwashi mzuri wa matofali ya kuchoma, msomi wa darasa la saba. Alikuwa na kamba, vigingi na tepu yake. Akanyoosha mkono nimpe karatasi. Sikumpa. Nilikalia gogo, nikaiweka karatasi juu ya ubao, nikafungua sanduku mbele yake ili aone mahameli, nikaichukua bikari ya sindano mbili na rula ya mfupa. Nilipima ukuta mmoja mmoja, mlango mmoja mmoja, nikamtajia, yeye akivuta tepu na kupigilia vigingi. Watu walikusanyika. Nakiri nilijisikia vizuri sana. Nilipima kwa madaha, nikiinua bikari juu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Chumba, mita mbili na nusu na sentimita nne. Mlango, sitini na nne."

Fundi akasimama. "Sitini na nne, mama? Huo si kama mlango wa choo?"

"Wewe ramani ulijifunzia wapi?"

"Sikujifunza, mama. Nauliza tu."

"Basi mwenye kuuliza avute tepu."

Watu wakacheka, na fundi akacheka pia kwa aibu, akavuta tepu. Hakuniuliza tena chochote mpaka nyumba ilipoisha. Nilikuwa nimemfundisha kunyamaza, na alikuwa mwanafunzi mzuri.

Msingi ulipochimbwa mama yangu alisukuma kiti chake mpaka ukingoni, akatazama mitaro kwa muda, akasema, "Mbona kanyumba kadogo hivi?"

Hapa kila mjenzi duniani ana jibu moja, nami nililitoa bila kufikiri. Msingi siku zote huonekana mdogo. Mtu anatazama mitaro imelala kwenye uwanja mpana, chini ya mbingu yote hii, lazima aone kadogo. Kuta zikipanda chumba kinakua. Ni kweli kabisa, na nimewaambia wenye nyumba wangapi sijui, na wote baadaye walinirudia wakasema kweli. Mama alitikisa kichwa akasema, "Haya, wewe ndiye unayejua." Lile neno lilikuwa tamu masikioni mwangu.

Kuta zilipanda. Chumba hakikukua. Nilikuwa nakwenda kila baada ya wiki mbili tatu, na kila nikiingia mabega yangu yalijua jambo ambalo kichwa changu hakikutaka kujua. Nikajiambia ni matofali, ni plasta bado, ni kiza kwa kuwa madirisha hayajawekwa. Fremu za milango niliziagiza mwenyewe kwa seremala wa Sumbawanga, za mninga, na nilipozikagua kwa rula zilikuwa sawasawa na nilichosema. Niliridhika kwamba seremala yule anajua kusikiliza.

Siku ya kuhamia, padre alikuja akabariki nyumba. Kulikuwa na ugali wa ulezi, kuku wawili, na pombe kidogo kwa wanaume waliobeba vitu. Mama alivaa kitenge kipya. Alikataa kusukumwa. Akasema mlango ni wake, ataingia mwenyewe, na watu wakajipanga pande mbili kama wanampokea askofu. Akapanda mteremko vizuri, akashika kasi kidogo, akaingia.

Akakwama. Kiti kilibana kwenye fremu kama kizibo, na kwa sababu mikono yake ilikuwa kwenye magurudumu, fremu ilimchuna ngozi ya vifundo vya vidole mkono wa kulia na wa kushoto. Hakulia. Alivuta mikono akaitazama, kisha akaifunika kwa kitenge ili wageni wasione damu. Halafu kila mtu akanitazama mimi.

Nikasema, "Mtoto amekosea vipimo."

Niape kwamba dakika ile niliamini. Ndilo jambo lililokuwa karibu zaidi na mkono. Watu wakaguna kwa kuelewa. Vijana wa siku hizi, kompyuta, shule za siku hizi, kila mmoja alikuwa na mchango wake, nami niliichochea kidogo. Tukamnyanyua mama tukamwingiza kwa kumbeba, kiti kikakunjwa kikaingizwa baada yake.

Kesho yake, nikiwa nyumbani Katandala, nilichukua karatasi ile na kioo cha kukuzia nikakaa dirishani penye mwanga. Nilitaka kupata kosa la binti yangu nilizungushie penseli nyekundu. Mlango wa mbele: tisini. Nikapima mstari kwa bikari: sitini na nne. Nikafurahi. Nikaenda kwenye chumba: mita tatu na sitini. Bikari: mbili na nusu na nne. Ukumbi, vilevile. Jiko, vilevile. Kila kitu kilipungua kwa kadiri moja, kuta zote, milango yote, hata kile kitanda kidogo alichochora chumbani kuonesha mahali pa bibi yake kulala. Mtu hakosei hivyo. Mtu akikosea, hukosea hapa na pale. Kinachopunguza kila kitu kwa kadiri moja ni mashine, iliyoambiwa na bibi mmoja mwenye haraka ya gari la Matai itoe mchoro mkubwa kwenye karatasi ndogo.

Na tarakimu zote zilikuwa sahihi. Angezisoma fundi wa darasa la saba, kama ningempa karatasi, mama yangu angekuwa na mlango.

Ningeweza kupiga simu siku ileile. Fundi mwenyewe alikuwa ameshaniambia, tukiwa bado tunakula ule ugali, kwamba kupanua milango ni kazi ya siku mbili tatu, tofali na lenta ya juu ya mlango tu. Lakini kubomoa ni kuulizana. Ningebomoa, binti yangu angesikia, angeomba kuiona karatasi, na angeiona. Niliwaza jinsi atakavyoiona. Asingesema kitu kibaya, hana ulimi kama wangu, na hilo ndilo sikuweza kulivumilia. Kwa hiyo nikamwambia fundi nyumba mpya haibomolewi, ni mkosi. Maneno ya ajabu kutoka kwa mtu ambaye maisha yake yote amewacheka wanaoamini mikosi.

Badala yake nilikileta kiti Sumbawanga. Nikampelekea mchomeleaji, nikamwambia akate vyuma vya katikati, akipunguze. Alikitazama, akaniuliza mgonjwa ni mwembamba? Nikamwambia ni mwembamba. Mama yangu si mwembamba, hajawahi kuwa. Kikarudi kimepungua upana wa kiganja, kimepakwa rangi mpya ya kijivu, na kilipita mlangoni bila kugusa. Watu wa Mwazye walinisifu kwa akili. Nilizipokea sifa, nikakaa nazo.

Mama hakulalamika. Nilipokwenda mwezi wa sita, wakati huku kwetu asubuhi maji ya kwenye ndoo yanauma vidole, nilimkuta nje na kuku wake amevaa gauni jepesi tu, anatetemeka. Nikamfokea. Sweta liko wapi, lile zito nililomnunulia? Akasema lipo, liko kitandani, nalo ni zuri sana. Ila akilivaa, pamoja na kitenge cha ndani, hatoshi kwenye kiti. "Kwa hiyo nachagua," akasema. "Kutoka au joto. Leo nimechagua kutoka." Aliongea kama mtu anayechagua mboga. Nilimfunika kwa khanga yangu nikatazama pembeni, na kwa mara ya kwanza nilijidharau kwa namna ninavyowadharau wengine, kwa ukamilifu, bila kutafuta udhuru. Kisha nikapanda gari nikarudi mjini, na sikufanya chochote.

Binti yangu alikuja likizo mwezi uliofuata na akaenda moja kwa moja Mwazye kabla ya kupita kwangu. Nilipata habari, nikamfuata na gari la asubuhi. Nilimkuta amepiga goti mlangoni na tepu. Alikuwa amepima mlango, ukumbi, chumba. Alipomaliza alisimama ukumbini mbele ya karatasi yake, ambayo mama aliniomba siku nilipokirudisha kiti, nikakosa sababu ya kumnyima, akaibandika ukutani kwa misumari minne, karibu na picha ya Moyo Mtakatifu, kwa sababu ni kazi ya mjukuu. Aliiangalia. Kisha akaweka kiganja chake juu yake, akatanua mikono kidogo hewani, hivi, kukumbuka ukubwa uliotakiwa kuwa.

Ilimchukua muda mfupi kuliko kunywesha kalamu wino. Akageuka akanitazama, na akatazama mfuko wangu wa safari, ambao ulikuwa mtupu siku hiyo.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba."

Tukaingia sebuleni, nikamiminiwa chai. Mama yangu alikuwa kwenye kiti chake, gauni jepesi, vifundo vya vidole vina makovu mawili meusi yanayofanana. Alimwita mjukuu wake akae karibu, kwenye mkeka, akamshika shavu.

"Mama yako aliniambia ulikosea vipimo," akasema. "Nimekungoja uje, nikuambie usiwe na wasiwasi. Usije ukaacha kazi kwa ajili ya mlango wa kikongwe."

Chai ilikuwa moto mkononi mwangu. Palikuwa na nafasi, nafasi kubwa ya kutosha kupitisha neno moja. Binti yangu hakunitazama. Naamini alikuwa ananingoja, na aliningoja muda mrefu, mpaka kuku waliokuwa uani wakaja mlangoni wakachungulia wakaondoka.

Kisha akapiga magoti vizuri, mikono kwenye mapaja ya bibi yake.

"Ni kweli, bibi. Nilikosea. Naomba unisamehe. Fundi anakuja kesho, nimeshaongea naye, tutabomoa milango yote, na kiti kingine nimekiagiza."

Mama yangu akamchora msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba, akamwambia yamekwisha. Akasema mtu anayekiri kosa lake amelelewa vizuri, na akanigeukia mimi, akanishukuru kwa malezi.

Milango ni mipana sasa. Anatoka akitaka, anarudi akichoka, na sweta amevaa. Wageni wakifika anawasimulia jinsi mjukuu wake alivyokosea akatubu, ni hadithi anayoipenda, na mimi nikiwepo huwa nanyamaza mpaka aimalize. Mama yangu hajui kusoma. Ndiyo maana nimeweza kuandika haya.